Sufuria Iliyomwagwa Erdington

Katika mkahawa ule, kabla hujaona chakula ulisikia mifupa ikivunjwa. Jiko lilitengwa na ukumbi kwa pazia la shanga tu. Nyuma ya pazia hilo kitinda mimba wa nyumba, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye shingo nene, alishusha kisu kizito kama shoka juu ya mapaja ya ng'ombe. Kila pigo lilitikisa vijiti vya kulia vilivyosimama ndani ya mikebe mezani. Wateja wageni walishtuka wakainua vichwa. Mimi nilitulia. Nimelelewa nyuma ya hoteli ya mama yangu Eastleigh, Nairobi, na sauti ya mfupa ukipasuka ndiyo iliyokuwa ikinilaza.

Ulikuwa mkahawa wa familia ya Wavietnamu, karibu na mwisho wa High Street ya Erdington, Birmingham, Uingereza, wenye meza saba na dirisha lililojaa ukungu wa mvuke hata wakati wa kiangazi. Mama ndiye aliyepika. Kitinda mimba alikata nyama, akawaandalia wateja, akaosha vyombo. Baba alikuwa amekufa, picha yake iko ukutani juu ya kaunta. Mlangoni, chini kabisa sakafuni, palikuwa na kisanduku chekundu cha ibada yao, na kila asubuhi mama aliweka mbele yake machungwa na kikombe kidogo cha kahawa. Ilibidi uingie kwa uangalifu usije ukakipiga teke.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimeishi Kampala, nimeishi Rotterdam, nimeishi miji mingine ambayo sikukaa hadi nikajua jina la barabara ya pili. Birmingham nilikuja kwa kazi ya ghala kule Washwood Heath, nikiwa na nia ya kukaa majira ya baridi tu. Kilichonizuia ni supu ile. Ilikuwa na mdalasini, iliki nyeusi, tangawizi iliyochomwa motoni, na mafuta membamba yanayoelea juu. Mara ya kwanza nilipoinamia bakuli, nilisikia harufu ya mama yangu akiwa amerudi kutoka jikoni. Niliuliza kuhusu nyama, na kitinda mimba akanionyesha mfuko wa duka la bucha halali la Wasomali wenzangu walioko mtaa wa pili. Tangu hapo nilikula bila wasiwasi.

Kila Jumamosi mchana nilikaa na mzee mmoja Singasinga wa Nakuru, dereva wa basi aliyestaafu. Tulikutana palepale, siku aliponisikia nikigombana na simu kwa Kiswahili. Yeye nyama ya ng'ombe haigusi, alikula tambi za kukaanga na mboga.

"Warya," alizoea kuniambia, kwa neno letu la Kisomali la kumwita mwanamume, "hiyo si supu, hiyo ni kaburi la ng'ombe."

"Na wewe mzee unakula majani. Nakuru mlikuwa mnafuga mbuzi au mlikuwa mnashindana nao?"

Mama mwenye mkahawa alipenda kutusikia tukicheka ingawa hakuelewa neno. Alikuwa mfupi, amevaa mabuti ya mpira meupe, na mikono yake kuanzia kiganja hadi kiwiko ilijaa makovu ya moto, mapya juu ya ya zamani. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache. Siku moja alinionyesha bakuli langu, akaniuliza, "Mama yako, kama hii?" Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo, akarudi jikoni. Mpaka wakati huo sikuwa nimewahi kumwona ameketi.

Sikumwambia habari yote ya mama yangu. Hoteli yake iliuawa na kaka zangu wawili baada ya yeye kuugua, mmoja akitaka kuuza, mmoja akikataa. Walikatana kwa panga mbele ya wateja waliokuwa wakinywa chai. Mmoja hana vidole viwili hadi leo. Hoteli ikafungwa, nami nikaanza kuhama.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilipomwona kaka mkubwa wa nyumba hii akiingia na mtu mwenye futi ya chuma, nilijua kinachokuja.

Kaka mkubwa aliishi Sutton Coldfield, vituo vichache tu kwa treni, lakini yeye alikuja kwa gari. Alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri. Alimwambia mwenzake, "Anzia ukuta huu," na yule mtu akaanza kuvuta futi yake pembeni mwa meza yetu, akituomba radhi.

Mapigo ya mifupa yakakoma.

Kitinda mimba akatoka kupitia pazia. Aproni yake ilikuwa na damu ya nyama. Aliitazama futi ikikimbia sakafuni, akaikanyaga.

"Unapima nini?"

"Nimekuambia kwenye simu. Panauzwa. Mama amechoka."

"Mama yuko sawa."

"Umeitazama mikono yake? Umemfanya punda. Unajificha nyuma ya sketi yake kwa sababu hakuna mtu mwingine angekuajiri!"

Walisema kwa Kiingereza cha Birmingham, kile kinachoburura maneno, kama watoto wetu wanavyotujibu kwa Kiingereza tukiwasemesha Kiswahili. Kitinda mimba aliinua mguu kutoka kwenye futi. Alimpiga kaka yake kichwa cha uso. Nilisikia pua ikivunjika, sauti ndogo kuliko mfupa wa ng'ombe lakini ya ukoo mmoja.

Mwenye futi alikimbia akiiacha futi yake. Kaka mkubwa akamshika mdogo wake shingoni wakaanguka juu ya meza ya karibu na mlango, meza ikavunjika mguu, wakaviringika juu ya kisanduku chekundu. Kikombe cha kahawa kilipasuka. Machungwa yalikimbilia chini ya meza zetu. Mwanamke mmoja akambeba mtoto wake nje huku bado ana vijiti mkononi. Ndugu wale wawili hawakupigana kama watu wa filamu. Walipigana kama ndugu, wakijua mahali panapouma. Mdogo alimkandamiza kaka yake sikio. Mkubwa alimng'ata mkono, akatema, akamgonga kichwa sakafuni mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kaa, warya," mzee Singasinga akaninong'oneza. "Si shauri lako."

Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Kwetu, mtu aliyekula mahali ana haki ya kuwaachanisha wenye mahali. Mkubwa wa umri akiingia kati na kusema basi, huwa basi, angalau kwa siku hiyo. Nikaingia katikati yao, nikamshika mkubwa mabega nikamvuta.

"Basi!" nikapiga kelele. "Mama yenu anataka kubaki! Mwacheni mama apike!"

Wote wawili waliacha kupigana wakanitazama. Sikuwahi kuona upatanisho wa haraka kama ule. Mdogo, ambaye kila wiki aliniongezea mfupa wenye uboho bila kuombwa, alinipiga ngumi ya mbavu. Mkubwa akaokota chupa ya pilipili akaniinulia, nami nikaikinga kwa kiganja cha kulia. Chupa ikavunjikia hapo. Pilipili na damu viliingiana, na moto uliopanda mkononi ukanifanya nipige magoti.

"Wewe ni nani?" mkubwa alikuwa akifoka, damu ikimtoka puani na kuingia mdomoni. "Wewe ni nani hapa?"

"Mteja!" mzee Singasinga akamfokea, amekunja mikono ya shati, bangili yake ya chuma mbele kama ngao, miaka yake sabini na kitu ikitetemeka. "Mteja, ng'ombe wewe! Na wewe pia, ng'ombe wa pili!" Aliwatukana kwa Kiswahili, Kipunjabi na Kiingereza, mambo ambayo sidhani aliwahi kuwaambia abiria.

Mdogo alikuwa tayari amerudi nyuma kuelekea pazia. Nilijua anakwenda kuchukua nini. Nilikiona kile kisu kikubwa kabla hajakishika.

Hakukifikia. Jikoni kulitokea kishindo kilichotikisa picha ya baba ukutani. Kisha supu ikaja. Ilipita chini ya pazia la shanga ikifuka mvuke, ikibeba vipande vya mdalasini, vitunguu vyeusi na mifupa iliyokuwa ikiteleza kama mashua zilizokosa mwenyewe. Mdogo aliruka juu ya kiti akipiga yowe, kiatu kimoja kimelowa. Mkubwa akapanda meza. Mzee akanishika kola akanivuta hadi kwenye benchi la dirishani. Tulibaki hivyo sote, wanaume wanne juu ya fanicha, tukitazama kazi ya usiku mzima ikienea sakafuni.

Mama akatoka na mabuti yake ya mpira. Mkononi alikuwa na mpini wa ufagio aliotumia kuisukuma sufuria kutoka kwenye jiko. Aliusimamisha ukutani, akatembea ndani ya supu, akaja mezani kwetu, akaketi kwenye kiti changu.

"Mama," mdogo akaanza.

Akampiga kofi la hewani, kutoka palepale alipoketi, naye akanyamaza kana kwamba limempata. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, na nadhani aliichagua lugha hiyo ili sote tuisikie.

"Wewe hukuniuliza." Alimnyooshea mkubwa kidole. "Wewe hukuniuliza." Kidole kikahamia kwa mdogo. Kisha kidole kikaja kwangu, pale benchini, na mkono wangu unaotiririka damu. "Huyu hakuniuliza."

Akaigeuza mikono yake juu ya meza, makovu yakitazama dari.

"Nafunga. Mimi. Si wewe, si wewe. Mimi nimechoka."

Mkubwa alifumba macho kama mtu aliyeshinda. Akayafungua alipoambiwa jambo lililofuata.

"Hakuna kupima. Hakuna kuuza mpaka mimi niseme. Sasa nina njaa."

Supu ilipopoa tuliteremka, na ndugu wale wakaingia jikoni. Nilimsikia mkubwa akiuliza mayai yako wapi, na mdogo akimwambia, "Palepale yalipokuwa ukiwa na miaka kumi, mpumbavu." Mzee alinifunga kiganja kwa aproni safi, akakaza mpaka nikamtaja Mungu, akaanza kufagia mifupa. Ndugu wakatoka na wali na mayai ya kukaanga yaliyoungua kingo, sahani tano, mkubwa ameshika mbili na mdogo tatu, nyuso zimevimba. Mama alionja. Akasema neno moja la Kivietnamu na mdogo akakimbia kuleta sosi ya samaki.

Wakaanza kula. Mimi sikula. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kama mtoto mchanga, na kwa kushoto siwezi kujilisha, nimelelewa hivyo. Mama aliona sahani yangu haiguswi. Mzee akamweleza kwa ishara na maneno, akicheka mpaka ndevu zikatikisika.

"Warya, leo utalishwa kama bwana harusi."

Mkahawa haukufunguliwa tena. Nilipita wiki zilizofuata, nikaona lango la chuma limeshushwa, na kabla ya masika nilikuwa nimeshahama mji. Kovu la kiganja huniuma kukiwa na baridi. Lakini mchana ule mama alimgeukia mwanawe mkubwa, yule aliyeivunja chupa mkononi mwangu, akamsukumia sahani yangu.

"Mlishe."

Mkubwa akavuta kiti akaketi mbele yangu, pua imefura, macho yamejaa maji. Alichota wali na kipande cha yai. Nikafungua mdomo. Kijiko kiligonga jino langu la mbele kwa nguvu, na nafikiri alikusudia.