Ua Uliopandwa na Watoto

Asiniambie mtu kwamba kuzikariri amri za Mungu ndiko kuzipenda. Baba mdogo wa marehemu mume wangu anazijua kuliko mtu yeyote wa kilima chetu huku Mutaho, anazisema zote bila kumeza mate, na ndiye aliyetumia mikono ya watoto kuniibia shamba.

Mimi nimekulia Tanzania, ukimbizini, na mume wangu pia. Tuliporudi Burundi tulipewa sehemu ya shamba la baba yake, na mpaka wetu na baba mdogo ulikuwa ua wa minyaa, mti ule wenye utomvu mweupe ambao huku Gitega kila mtu hutumia kugawanya mashamba. Ua ukiwepo, hakuna anayeuliza. Mume wangu alipofariki nilibaki na binti yangu, maharage yangu, na mparachichi alioupanda marehemu mwenyewe upande wetu, karibu kabisa na ua.

Baba mdogo ndiye mwalimu wa watoto kanisani. Kila Jumamosi huwakusanya nyumbani kwake akawafundisha amri, kisha huwapeleka kufanya kazi ya huruma: kumchotea maji bibi asiyejiweza, kumfagilia mgonjwa. Nilimsifu sana kwa hilo. Binti yangu alilipenda darasa hilo kuliko shule. Kwa hiyo nilipokwenda Muyinga kumsaidia dada yangu aliyejifungua, nilimwacha kwake bila wasiwasi wowote.

Siku niliporudi, mtoto alinikimbilia njiani. Jicho moja lilikuwa jekundu, limevimba kwa utomvu, naye anacheka.

"Mama, tumekupandia ua mpya! Babu alisema ule wa zamani umezeeka, na mjane hana wa kumsaidia."

Nikaenda kuangalia. Minyaa ya zamani ilikuwa imeng'olewa yote. Vijiti vipya vilisimama kwa mstari mzuri, na mparachichi wa mume wangu ulikuwa sasa kwa baba mdogo, pamoja na maharage niliyoyapalilia mwenyewe. Damu ilinichemka. Mtu mzima anaona aibu kusogeza mpaka kwa mkono wake, kwa hiyo anawapa watoto wachimbe huku wakiimba nyimbo za Mungu!

Nilimfuata kwake siku ileile.

"Kelele ya nini, mkwe?" akasema. "Mi nimebadilisha miti tu. Mpaka iko palepale."

Nikapeleka shauri kwa bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima. Walikuja kukaa shambani kwenyewe. Majirani waliulizwa, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kitu. Ndipo mzee mmoja akataka kumsikia mtoto aliyepanda. Binti yangu akasimama. Kabla hajafungua mdomo, baba mdogo akamwuliza kwa sauti yake ya darasani:

"Mjukuu, Mungu anasema nini juu ya wakubwa?"

"Tuwaheshimu."

"Bon, vizuri. Na mi ni nani kwako?"

"Babu."

"Bon. Sema sasa."

Nilitaka kupiga kelele. Kumziba mtoto mdomo kwa neno la Mungu! Akinyamaza, shamba limekwenda, na shamba lile ndilo chakula chetu chote. Binti yangu alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akavuka ule mstari mpya, akaupita mparachichi, akapiga magoti na kufukua udongo kwa vidole mpaka akatoa kipande cha mzizi wa mnyaa.

"Ulikuwa hapa, babu," akasema taratibu. "Wewe ulituambia tufukie mashimo."

Wazee wakaamuru ua urudishwe, na ukarudishwa.

Utadhani mwalimu yule alivuliwa ualimu. Wapi! Jumamosi iliyofuata alifundisha kama kawaida, na aliyerudishwa nyumbani ni binti yangu, eti amemwaibisha babu yake. Akina mama wa kanisa wakaja kwangu na sauti zao za upole. Nimpeleke mtoto akaombe msamaha, yaishe. Yaishe! Nikawauliza aombe msamaha kwa kosa gani. Mmoja akasema, "Basi tu, yule ni mkubwa." Niliwafungulia mlango watoke, na sijutii.

Sasa amri namfundisha mwenyewe, tukichambua maharage. Siku nyingine nafundisha kwa hasira, sifichi. Tulipofika kwenye ile ya kutoiba, aliweka ungo chini, akapiga magoti mbele yangu, akaniomba nimsamehe kwa mashimo aliyoyachimba. Nilimwinua nikalia kwa uchungu, maana katika kilima kizima hakuna mwingine aliyeniomba msamaha mpaka leo.