Zdravka wa Brestak na Neno Lililobaki kwa Rangel

Alizaliwa Zdravka mwaka 1911, siku mbili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, katika kijiji cha Brestak milimani Bulgaria, mtoto wa nne wa mchoma chokaa. Hakuna nyota iliyoonekana wala harufu ya ubani iliyosikika. Mama yake alisema tu kwamba mtoto alikuwa na sauti kubwa. Alikua na ulimi mwepesi, hodari wa kujibu kabla swali halijaisha. Tabia hiyo iliwachekesha majirani, na ndiyo iliyokuja kumliza mpaka kaburini. Aliolewa na Rangel, mpasua mbao, na Mungu hakuwajalia mtoto.

Vuli ya mwaka 1949 Rangel alipigwa na kiharusi. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yote yamemtoka, limebaki moja tu: “Hapana.” Madaktari huuita ugonjwa huo afasia. Akili ipo, upendo upo, kumbukumbu ipo, ila njia ya kulifikia neno imebomoka. Brestak hakuna aliyelijua hilo. Wapo waliosema Rangel ameingiwa na ukaidi, wapo waliosema amerukwa na akili. Walimpigia kelele kama kiziwi na kumbembeleza kama mtoto mchanga, naye alikuwa akisikia yote na kuelewa yote.

Kabla ya kuugua, Rangel alikuwa hasemezani na mdogo wake Dimo kwa miaka minane, kwa sababu ya shamba la miplamu waliloachiwa na baba yao. Ikafika Jumapili ya Msamaha ya mwaka 1950, mkesha wa Mfungo Mkuu, siku ambayo wadogo huwaendea wakubwa nyumba kwa nyumba, huwabusu mkono na kuomba radhi, na mkubwa hujibu, “Mungu akusamehe.” Asiyejibiwa hivyo huingia katika mfungo na mzigo wake. Dimo alikuja na mkewe Gina, wamebeba mkate wa jibini ungali moto.

“Kaka,” alisema Dimo, amepiga magoti, “miaka minane tumenuniana kama watoto. Mwenye makosa ni mimi. Nisamehe.”

“Hapana,” alisema Rangel. “Hapana, hapana.”

Dimo alimgeukia Zdravka. “Shemeji, hebu muulize wewe. Labda hajanielewa.”

“Kakuelewa vizuri sana. Umesikia mwenyewe, amekataa. Nyanyuka, unachafua suruali bure.”

“Muulize tena, dada,” Gina aliomba. “Mara moja tu.”

“Hata mara mia ni yale yale! Huyu hata mchuzi anaukataa, kisha anaulamba mpaka bakuli!”

Alisema hivyo kwa mzaha, na ushahidi wote ulikuwa mle mle ndani ya mzaha wake, asiuone. Dimo aliondoka bila kuaga. Wiki moja kabla ya Pasaka moyo wake ulisimama akiwa msituni, akafa peke yake kando ya shoka lake.

Siku ya arobaini ndugu walikusanyika kaburini, na ngano ya kuchemsha ikagawiwa viganjani kama ilivyo ada. Zdravka alimuuliza mumewe kama ataka. “Hapana,” alisema Rangel, akanyoosha kiganja cha kushoto, akala. Kisha aliteremka chini kwa shida, akaukumbatia msalaba wa mdogo wake, akaubusu mara nyingi huku machozi yanamtiririka, na kila alipobusu alisema, “Hapana. Hapana.” Hapo Zdravka alielewa. Alipiga ukelele ambao waliokuwepo walikuwa wakiusimulia hata uzeeni. Huo ndio uliokuwa wito wake. Nisingependa mtu aupambe.

Tangu siku ile alijifunza upya kusema na mumewe, kisha akawaendea wengine, kijiji kwa kijiji, kwa miguu, miaka ishirini na minne. Aliwafundisha wake, waume na wakwe mambo ambayo ukiyasikia utasema ni mepesi: uliza jambo moja kwa wakati mmoja, kiweke kitu chenyewe mbele ya macho yake, chora kwa mkaa ukishindwa, tazama mkono na uso, usimmalizie sentensi. Na ukishauliza, sali Baba Yetu moyoni hadi amina kabla ya kufungua kinywa tena. Wengi walimchoka. “Mama, mimi sina muda wa Baba Yetu,” mkulima mmoja alimwambia, “nina ng’ombe.” Wengine walimfungulia mbwa.

Jaribu kubwa lilitoka kanisani. Padre Metodi alimnyima Rangel Komunyo Takatifu, kwa kuwa kila alipoulizwa kama anatubu alijibu hapana.

“Nimemuuliza mara tatu,” alisema Padre.

“Umeuuliza mdomo wake, Padre. Yeye mwenyewe bado hujamuuliza.”

Padre aliomba apewe muda wa kufikiri. Rangel akafa mwaka 1953, Padre angali anafikiri, na alizikwa bila kukomunishwa. Padre Metodi aliungama kosa hilo hadharani, lakini Rangel hakuwepo kulisikia.

Kila Jumapili ya Msamaha Zdravka alikwenda kwenye lango la Gina, akasimama. Lango halikufunguliwa hata mara moja. Mwezi Februari 1974, mapafu ya Zdravka yalipojaa maji, Gina alikuja bila kuitwa, akaketi kando ya kitanda.

“Gina,” alisema Zdravka, “ni mimi niliyesema amekataa. Nisamehe.”

Gina alifungua midomo, na hakikutoka kitu. Wanawake waliokuwemo walianza kumhimiza: sema, mama, sema sasa! Zdravka aliinua mkono kuwanyamazisha. Alimtazama Gina usoni, midomo yake mwenyewe ikicheza polepole katika sala, na kabla ya kufika amina alikata roho. Walipomlaumu Gina, alijibu kwa sauti ndogo, “Nilikuwa nalitafuta neno. Nilikuwa karibu kulipata.”

Sasa watu huchota udongo wa kaburi la Zdravka na kuupaka kwenye ndimi za wagonjwa. Nawaambia bila kuficha: hakuna ulimi hata mmoja uliofunguka, wala alipokuwa hai hakuponya mtu. Rangel alikufa na neno lake moja. Kama kuna ajabu, ni kwamba katika baadhi ya nyumba zetu mtu huuliza, halafu hunyamaza. Nawe uliye na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, mwige huyu mama. Mpe mgonjwa wako muda huo. Zdravka alimpa Gina, na muda haukutosha; wewe mpe hata hivyo.