Maharage Yaliyokula Ua wa Baba

Udongo wa kwetu Nyundo ukilowa hunuka kama chungu kipya kilichotiwa maji, na mwaka ule harufu hiyo ilitujia kabla hatujamaliza kulima. Mvua ilikuwa imeacha desturi yake. Maharage ya mama, yale mafupi ya siku zote, yalisombwa pamoja na samadi mpaka mto Sebeya. Na shamba lenyewe lilikuwa limebaki nusu: watu walikuwa wanarudi kutoka Kongo, serikali ikatuambia tugawane nao mashamba, nusu ya chini ikawa ya Mama Furaha kutoka Masisi. Baba akajenga ua katikati, miti imenyooka kama askari. Baba alipenda vitu vilivyonyooka, hata kofia yake. Ningeweza kueleza ya kofia, lakini tuiache.

Mama Furaha ndiye aliyempa mama mbegu ya maharage yanayotambaa juu. "Hii haiogope shamba mudogo," alisema. "Nafasi yake iko huko juu." Yakaota kwa fujo, yakawa yanapapasa hewani yakitafuta pa kushika. Miti ya kuyaegemeza hatukuwa nayo. Vilima vilikuwa vimekatwa kuni vyote. Siku moja mbingu upande wa ziwa ikawa nyeusi tii. Yakilala kwenye matope yataoza, na mbegu nyingine hakuna. Hata sisi watoto tulilijua hilo, tumbo lilitufundisha.

Mama akautazama ua. Mama Furaha, upande wake, naye akautazama.

"Mama Odeta, bwana yako atatuua," akasema; Odeta ndiye mimi.

"Yuko sokoni Mahoko. Watoto, ng'oeni!"

Jamani, hata siku ya harusi yangu sikufurahi vile! Tuling'oa, tukaburuta, tukasimika, mimi na Furaha, mtoto wa jirani, tukigombea mti mrefu, radi ikipiga na sisi tukiijibu kwa kelele. Nusu ya juu, nusu ya chini, nani alikumbuka? Mvua ilitukuta tunafunga shina la mwisho.

Baba akarudi ameloa chapachapa. "Ua wangu uko wapi?"

"Iko kazini, Papa Odeta," akasema Mama Furaha. "Inabeba chakula."

Baba akausogelea mti mmoja. "Huu umepinda," akasema, akaunyoosha. Msimu huo tulikula, nyumba zote mbili.

Siku hizi mvua ni kali kuliko ile. Tuna matuta ya ngazi, mbegu za kununua, na kila shamba lina mpaka wake unaojulikana. Tunavuna zaidi, sitadanganya. Vijana wetu wengi wamevuka kutafuta maisha Goma. Basi juzi radi ikanguruma, maharage yangu hayajaegemezwa, nami niko peke yangu. Nikamwita Furaha kwa sauti yangu yote. Akaja na magoti yake mabovu, mzigo wa miti kichwani, ananitukana njia nzima kwa uvivu wangu. Tukakimbia shambani.