Diski ya Nne

Honorata, aliyevuka ziwa kutoka Kongo, ameshamzoea yule fundi wa kompyuta wa ofisi ya kutafuta ndugu, pale Rusimbi. Asubuhi fundi huyo hasalimii mtu kabla hajaweka kiganja juu ya kisanduku cha kumbukumbu, kama anayempima mtoto homa. Ndani mna diski nne zenye picha za watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, na ole wako ukisogeza kikombe cha chai karibu. Leo taa nyekundu iliwaka. Fundi akachomoa diski moja mashine ikiwa bado inanguruma, Honorata akapiga yowe: “Mwanangu yumo humo!”

“Tulia, mama,” akasema kwa ile sauti yake ya chini, vidole vikipachika diski mpya. “Iliyokufa ni moja. Yote iliyoyabeba, hizi tatu kwa pamoja zinayajua. Zitamfundisha mgeni.”

“Nasi tulivuka hivyo,” Honorata akasema. “Kila mtoto boti yake, wasije wakazama wote. Watatu ninao.”

Fundi akageuka, kwa mara ya kwanza akakipa kisanduku mgongo.

“Kawalete hao watatu,” akasema. “Tutamtafuta wa nne kwa wanayoyajua kwa pamoja.”