Ruhusa ya Mjomba wa Pajulu

Ni Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi. Mvua imekatika muda mfupi uliopita, na ukungu umeifunika Arua Hill kiasi kwamba nyumba za zamani za serikali zinaonekana kama zimening'inizwa hewani.

Katika kibaraza cha chumba kimoja mtaani Ediofe, mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Rosa Kiden anadarizi ndege. Ndege huyo ana mkia wa buluu na bado hana macho. Kitambaa cheupe kimekazwa kwenye duara la mbao, na sehemu iliyobaki imemfunika Rosa kuanzia magotini hadi miguuni. Ukimtazama kwa mbali, unaona mtu aliyeketi ndani ya wingu dogo.

Kazi yake inaitwa milaya. Ni shuka ambazo wanawake wa Sudan Kusini huzipamba kwa mkono, kwa maua, ndege na majina ya maharusi. Jozi moja humchukua siku ishirini na sita. Huiuza kwa shilingi 180,000 za Uganda. Kitambaa na uzi humgharimu 60,000, na kodi ya chumba ni 70,000 kwa mwezi.

"Leo sindano inatembea," anasema bila kuinua macho. "Siku kumi na tatu ilikataa. Nashona jani moja, nafumua. Nashona tena, nafumua. Mkono iko hapa, kichwa iko Pajulu."

Kichwa chake kiko Pajulu, nje kidogo ya mji, kwa sababu watoto wake wawili wako huko. Leo ni siku ya kumi na nne, siku aliyoahidiwa kurudishiwa watoto.

Rosa ana miaka arobaini na moja. Alikuja Arua mwaka 2016 akitokea Yei, Sudan Kusini, akiwa na sindano tatu na begi moja la nguo. Night, mwenye miaka saba, na Ladu, mwenye miaka minne, si watoto wake wa kuzaa. Ni watoto wa Uganda. Marehemu baba yao alikuwa Mkakwa wa Koboko, na Rosa ni Mkakwa wa Yei. Lugha ni moja. Kutoka Koboko hadi Yei ni safari ya asubuhi moja, barabara ikiwa kavu.

Hata hivyo, mbele ya sheria Rosa ni mgeni, na ombi lake mahakamani ni la raia wa kigeni anayetaka kuasili watoto wa nchi nyingine.

"Wananiambia mimi ni mgeni," anasema. "Mgeni gani anajua wimbo wa kumbembeleza mtoto mpaka ubeti wa mwisho?"

Mama wa watoto aliitwa Concy. Alipanga chumba cha pili katika ua huohuo, na jioni alikuja kibarazani kujifunza kudarizi. Mumewe alifariki katika ajali ya lori. Concy mwenyewe aliugua na kufariki miaka minne iliyopita, Ladu akiwa na miezi mitatu. Usiku ule Rosa aliwachukua watoto chumbani kwake, akidhani ni kwa wiki moja.

"Wiki ikaisha, hakuna mutu alikuja. Nikanunua beseni la kuogeshea. Ukishanunua beseni, hiyo si wiki tena."

Watoto humwita Yango, neno la Kikakwa la kumwita mama.

Rosa hakufikiria karatasi hadi alipojaribu kuwapeleka Yei kumwona mama yake mzazi. Mpakani, afisa alimuuliza kwa upole kama watoto ni wake. Alijibu ndiyo. Afisa akaomba hati. Rosa akatoa kadi ya kliniki ya Ladu, ambayo ilikuwa na jina la Concy. Walirudi Arua siku hiyohiyo, Night akiuliza njia nzima kwa nini nyumba ya bibi imefungwa.

Sheria ya Uganda inamtaka mgeni amlee mtoto angalau mwaka mmoja nchini, chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii, kabla ya Mahakama Kuu kusikiliza ombi lake. Rosa alianza kuhesabu upya, kana kwamba miaka iliyotangulia ilikuwa ndoto. Afisa aliyepangiwa, Patricia, alifika kila mwezi. Alitazama neti ya mbu, akapima mwanga wa dirisha kwa macho, akawauliza watoto walikula nini.

Katika mwaka huo Rosa alikwenda Koboko mara nne kumwona Shafiki, kaka wa baba yao. Shafiki ni mtoto wa askari, ana duka la vipuri vya pikipiki, wake wawili na watoto kumi na mmoja. Alitia saini ya kuridhia mara ya nne. Mara tatu za kwanza, anasema Rosa, alikuwa anampima.

Faili likakamilika. Tarehe ikapangwa. Tangazo la ombi likasomwa kwenye redio moja ya mjini, pamoja na majina ya watoto na la marehemu mama yao.

Huko Pajulu, mfyatua matofali aitwaye Ondoga alikuwa anachochea tanuru. Redio ilikuwa juu ya rundo la kuni. Alisikia jina la dada yake.

Rosa anakiri kwamba kosa lilikuwa lake. Alihudhuria mazishi ya Concy huko Pajulu, na katika boma lile alimwona bibi kizee mmoja tu, mama wa marehemu. Mwaka uliofuata bibi naye akafariki. Hakuna aliyemweleza kwamba Concy alikuwa na kaka, aliyekwenda kukata miwa Masindi na kukaa huko miaka sita.

"Mimi nikasema, Pajulu imekwisha," anasema. "Na karatasi haikuwa na mahali pa kuandika mjomba. Mimi ni Mkakwa. Najua mjomba ni nani kwa mtoto. Hata kama sikumwona, nilipaswa kumuulizia. Lakini nilifuata karatasi."

Ondoga aliweka pingamizi, na tarehe ya kusikilizwa ikaahirishwa. Katika ukoo wake, mtoto wa dada haendi safari ndefu kabla mjomba hajampulizia maji miguuni. Alilieleza jambo hilo ofisini kwa Patricia, akiwa na vumbi la udongo hadi kwenye nyusi.

"Mimi hapana kataa," alisema. "Niko na watoto saba. Wa nane na wa tisa nitaweka wapi? Lakini hii ni damu ya dada yangu. Inavuka mpaka, na mimi sijaiwekea maji."

"Muzee, maji ni dakika moja," alisema Patricia. "Kwa nini unaomba siku kumi na nne?"

"Nitapulizia watoto hawanijui? Wakae kwangu kwanza. Maji ya mutu hujui ni mvua tu."

Patricia aliyaandika makubaliano kama ziara ya kifamilia, akaahidi kupita Pajulu mara mbili kwa wiki. Rosa alitia saini.

"Nikasema moyoni, akikaa nao atawapenda," anasimulia. "Akiwapenda, mimi nitawapata wapi? Yeye ni damu. Mimi ni beseni."

Katika siku hizo kumi na tatu, chumba kilikuwa kikubwa kuliko kawaida. Rosa alipika posho, yaani ugali, ya watu watatu kwa mazoea, akaigawa kwa majirani. Mara mbili alimwota Concy ameketi kibarazani, anatunga uzi kwenye sindano.

"Nilingoja aniambie kitu kikubwa," anasema Rosa na kucheka. "Akaniuliza bei ya nyanya."

Saa tatu asubuhi Rosa anakunja kitambaa, anajifunga kitenge kipya na kupanda pikipiki ya kukodi. Ukungu umeshuka hadi barabarani. Mihogo na mahindi ya Pajulu yanatokea pande zote mbili kidogo kidogo, kana kwamba yanachorwa papo hapo.

Tanuru la Ondoga liko nyuma ya boma. Linatoa moshi mwembamba ambao hauondoki, unabaki juu ya majani kama pazia. Ndani ya moshi huo anatokea mtoto mwekundu kutoka utosini hadi vidoleni. Ni Ladu. Anamtazama Rosa, anampungia mkono kwa heshima, kisha anarudi kwenye udongo wake.

Rosa anasimama palepale.

Night ndiye anayekuja, amebeba tofali dogo alilofyatua mwenyewe. "Yango, usimguse, atakuchafua," anasema. "Amekataa kuoga. Mjomba anasema tope ni sabuni ya mwanamume."

"Na wewe unaoga?"

"Mimi si mwanamume."

Patricia amefika mapema na ameketi kwenye kigoda, faili likiwa magotini. Saa nne na nusu Shafiki naye anawasili kutoka Koboko kwa pikipiki yake. Anashuka, anamkagua Ladu kuanzia juu hadi chini.

"Shemeji Ondoga! Watoto wa Koboko umewageuza matofali!"

"Tofali inajua kazi," Ondoga anajibu bila kuacha kupanga kuni. "Nyinyi huko mlikuwa mnawafundisha saluti tu."

"Saluti imesomesha ukoo mzima."

"Na huo ukoo uliosoma, harusi ya dada yangu ulileta mbuzi wa jicho moja."

"Jicho moja, lakini alifika! Wewe una mawili, na Masindi ulipotea miaka sita."

Wanawake wa jirani wanaomenya mihogo wanacheka. Ondoga naye anacheka, kisha kicheko kinamwisha mdomoni. Anaweka chini ukuni aliokuwa ameushika.

"Hiyo ni kweli," anasema. "Walimzika bila mimi. Mama alituma habari, habari ikafika kambi nyingine. Nilirudi na kitambaa cha zawadi yake. Nikamuuliza mama, Concy iko wapi? Mama akanionyesha mahali nyasi ni fupi."

Shafiki anavua kofia. "Shemeji, nisamehe. Mdomo ulinitangulia."

"Hapana. Umesema vizuri. Mutu akipotea, asemwe."

Ondoga ananawa mikono. Anawaita watoto, anawasimamisha kwenye ardhi kavu kando ya kaburi la mama yao. Anajaza maji kinywani kutoka kwenye kibuyu na kuyapuliza miguuni mwa Night, kisha miguuni mwa Ladu. Maji yanachora mistari ya ngozi safi kwenye tope. Ladu anacheka kwa sababu yanamtekenya. Ondoga anazungumza Kilugbara, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na hakuna anayetafsiri.

Patricia anafungua faili. Barua ya kuondoa pingamizi iko tayari, inahitaji jina tu. Ondoga anaitazama, lakini haichukui. Anachuchumaa mbele ya Night.

"Mutoto wa dada. Uko Yei. Mimi nimeugua, unataka kuja. Unapita wapi?"

Rosa anashika pindo la kitenge chake. Hakumfundisha mtoto jambo hilo. Hakuna aliyejua kwamba lingeulizwa.

Night anafumba macho.

"Natoka Yei kwa bibi," anasema. "Nafika mpaka, naonyesha karatasi. Nafika Koboko kwa Baba Shafiki, ananipa chai."

"Na andazi," anasema Shafiki.

"Na andazi. Halafu Arua. Halafu Pajulu, barabara ya kisima, si ile ya shule. Halafu moshi. Halafu mama."

Anafumbua macho na kunyoosha kidole mahali nyasi ni fupi.

Ondoga anabaki amechuchumaa. Moshi unapita kati yao polepole, na kwa dakika nzima hakuna anayeonekana vizuri. Kisha mkono wenye vumbi unatokea.

"Kalamu," anasema.

Anaandika jina lake kwa herufi kubwa, akizitenganisha moja moja. Halafu anamgeukia Rosa, na kwa mara ya kwanza anamwita dada.

"Dada, siku kumi na nne hii Night ameita jina lako akilala. Mimi nimesikia. Si kwamba sikusikia. Lakini kila mwaka, karanga zikikomaa, unaniletea watoto. Hiyo haiko kwenye barua."

"Haina haja kuwa kwenye barua," anajibu Rosa.

Shauri litasikilizwa mwezi ujao. Patricia anasema haoni kikwazo kilichobaki, ingawa uamuzi ni wa jaji. Rosa amepanga kubaki Arua hadi Night amalize mwaka wa masomo. Baada ya hapo atawapeleka Yei, ambako mama yake bado analima, na ambako miti ya misaji hudondosha majani makubwa kama sahani. Anasema anaiona siku hiyo waziwazi: watoto wanakanyaga majani makavu, bibi anatoka kuuliza nani anapiga kelele.

"Nitamwambia, ni wajukuu," anasema. "Nitakuwa na hati mkononi, lakini sitaitoa. Kwa mama yangu sitatoa hati."

Saa nane mchana shughuli ilikwisha. Patricia aliiweka barua ndani ya bahasha na kuirudisha ofisini. Shafiki alikunywa maji, akaondoka kwenda Koboko kufungua duka kabla ya jioni. Ondoga aliongeza kuni kwenye tanuru na hakutazama barabarani. Night alikaa nyuma ya pikipiki, akimwonyesha mwendeshaji mahali pa kukata kona. Ladu alilia kuanzia Pajulu hadi Ediofe akimtaka mjomba wake. Rosa alimshika vizuri asianguke, na hakumnyamazisha.