Mteremko Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Mke wa seremala ni mpima ardhi. Kwa miaka kumi na tisa alipima viwanja na barabara kwa futi kamba na darubini, mpaka ofisi yao ilipoletewa mashine ya leza. Ukiisimamisha kwenye miguu yake mitatu, inazunguka taratibu na kugusa kila jiwe kwa mwanga. Kompyuta huziunganisha nukta zote zilizoguswa kuwa sura ya ardhi unayoweza kuigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Mwaka huohuo mama mkwe wake, anayekaa chini ya kilima nje ya mji, alianza kulalamika kuwa mlango wa jikoni haufungiki. Seremala akaenda kuupiga randa. Baada ya miezi miwili ukakwama tena, akaupunguza tena. Mara ya tatu mama yake alimwambia mbele ya majirani kwamba labda kazi imemshinda. Seremala alirudi nyumbani, hata chai hakuimaliza.

Mkewe akaanza kukishuku kilima. Ofisi yake ilikuwa na orodha ya miteremko ya kupimwa, naye akaomba ule wa nyuma ya jiko la mama mkwe utangulie. Aliupima kabla ya mvua, akaupima tena zilipokatika, kisha akazilaza sura mbili moja juu ya nyingine. Pasiposogea palionekana kijani. Juu kidogo ya jiko palikuwa pekundu: ardhi ilikuwa imeteleza upana wa vidole vinne.

Akabeba kompyuta hadi kwa mama mkwe, mumewe akiwa naye.

"Mama, kilima kinaisukuma nyumba," alisema. "Mlango hauna kosa, wala fundi wake."

Mama aliligusa lile doa jekundu kwa kidole. "Kumbe nimemsema mwanangu bure."

"Bure kabisa," seremala alijibu, akacheka kicheko ambacho mkewe hakuwa amekisikia kwa miezi.

Wahandisi walipopanda kilimani walikuta ufa unaomeza maji ya mvua. Mama akahamia kwa mwanawe, ufa ukazibwa na mtaro ukachimbwa. Vipimo vya mwaka uliofuata vilitoka kijani tupu, naye akarudi kwake, ingawa alikuwa ameshanogewa na kupikiwa.

Sasa mpima ana miteremko kumi na minne ya kufuatilia. Mumewe amemchongea sanduku la kubebea mashine, lina sponji ndani na mkanda wa begani. Bosi alipoliona, akaagiza mengine mawili.