Wewe Pita

Kila shule ilipofunguliwa, baba yangu alikuja kutupima mimba. Alikuwa daktari pale mjini Mtwara, mtu wa bara, mzee wa kanisa. Wasichana tulipangwa mstari nje ya chumba cha ushonaji, tukaingia mmoja mmoja, tukalala juu ya meza ya kukatia vitambaa, naye akabonyeza chini ya kitovu. Zamu yangu ikifika hata hanitazami.

"Wewe pita."

Nikapita. Nje wenzangu walinisubiri kwa vicheko: "Haya, tumbo takatifu hilo, lipisheni!" Nilicheka nao huku natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipokuwa kidato cha tatu, miaka ya tisini hiyo, msichana niliyekaa naye dawati moja alirudi kutoka likizo kwao Msimbati akiwa kimya. Siku moja kabla ya kupimwa alinivuta nyuma ya vyoo.

"Shoga, nina mimba. Mwombe baba'ko aniruke, kama anavyokuruka wewe."

Jioni nilimwambia baba, jina sikulitaja. Aliweka kijiko chini, wali ukapoa. Alinisimulia kwamba alipokuwa anasomea udaktari, msichana alimfia mikononi, kijiti cha muhogo bado kimo ndani yake. "Tangu siku ile, kutoa mimba kwangu ni kuua. Sitaki hata kulisikia neno lenyewe."

"Lakini hajasema anataka kutoa, baba. Anaomba asifukuzwe. Akifukuzwa atafanya nini?"

"Hayo wataulizwa wazazi wake. Mimi napima tu."

"Mbona mimi hunipimi?"

"Wewe nakujua."

Bora angenizaba kofi. Lakini niseme kweli: moyoni nilifurahi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kujuliwa na baba ni kitu kitamu.

Kesho yake alimbonyeza rafiki yangu, akambonyeza tena, akatoka kumnong'oneza mwalimu mkuu. Kabla ya mapumziko nilimwona shoga yangu kupitia dirisha la darasa, anavuka uwanja na begi lake, peke yake. Hakuna aliyethubutu kumsindikiza, na mimi nikiwemo.

Hata mwezi haukuisha, aliletwa hospitali ana homa kali, ananuka. Kijiti cha muhogo. Baba alimpasua, akamtoa kizazi, akakaa naye mpaka homa iliposhuka. Aliporudi nyumbani macho yalikuwa mekundu. Nilingoja aseme amekosea, hata nusu ya neno.

"Unaona sasa?" alisema akivua viatu. "Ndiyo maana naichukia kazi hiyo ya kutoa mimba."

Jamani! Mtu msomi vile, mpole vile, asiuone mkono uliomsukuma mtoto wa watu! Niliinama nikavichukua viatu vyake, nikavipeleka ndani, maana sikuweza kumtazama usoni. Nilimwonea aibu baba yangu, na nikaona aibu kwa kumwonea aibu.

Siku ya kumrudisha Msimbati, mama yake alipitia kwetu Chuno na kikapu cha pweza mkavu. Binti alibaki barabarani, amejitanda kanga hadi puani. Yule mama alijua kwamba mwalimu mkuu ndiye aliyemfukuza mwanawe. Nani aliyempima, hakuambiwa.

"Hodi, mwanangu. Baba yupo?"

Baba alikuwa nyuma ya pazia. Alinipungia mkono niseme hayupo.

"Ametoka, mama."

"Basi mpe hiki kitoweo. Mwambie Mungu atamlipa, sisi hatuna cha kumlipa. Alivyomhangaikia binti yangu, wallahi, ungedhani ni mtoto wake wa kumzaa."

Pazia halikutikisika. Kule barabarani rafiki yangu alikuwa amesikia. Alinitazama kidogo tu, kisha akageukia upande wa pili.

Nilipokea kikapu kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa, nikasema, "Ahsante, mama. Nitamwambia."